Gari dogo la kuzungukia wazee: nichukue lipi kwa pauni 3,500?

Dada wa Leeds, Jumapili usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Leseni nimeipata jamani, mara ya tatu. Ile miezi kumi na miwili ya kuendesha kwa leseni ya Bongo ilishapita zamani, na kama mjuavyo ya kwetu haibadilishwi hapa Uingereza, kwa hiyo nimeanza upya kama mtoto, kuanzia mtihani wa nadharia. Nimefanya kwa gari la klachi, mwalimu alinibana.

Sasa kazi. Nazungukia wazee majumbani, asubuhi nyumba sita, jioni nne. Basi likichelewa dakika kumi, bibi wa watu anakaa bila chai wala dawa. Nina pauni 3,500, na bima itoke humo humo. Nyumbani nilikuwa naendesha IST ya kaka. Hapa nimeitafuta siioni. Kuna jamaa anauza dizeli kubwa kwa bei ya kutupa, anasema haili mafuta. Nishaurini kabla sijaingizwa mjini.

Fundi, Coventry

Marahaba dada, na hongera. Mara ya tatu si haba, mimi nilipita ya nne na nyumbani nilikuwa dereva wa lori.

Dizeli achana nayo. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha injini ikipata moto wa safari ndefu. Wewe unakwenda maili mbili unazima, nusu saa baadaye unawasha, maili moja unazima. Litaziba, na kulibadilisha kunaweza kula nusu ya hizo hela zako. Tena dizeli ya kabla ya Septemba 2015 mara nyingi ukiingia nayo London unatozwa kwa kuchafua hewa, pauni 12.50 kwa siku, Birmingham pauni 8. Petroli ya kuanzia 2006 kwa kawaida inapita bure.

IST huku hawakuileta kwa jina hilo, utatafuta mpaka uchoke. Lakini ukoo wake upo, umebadilishwa majina tu. Vitz ni Yaris. Fit ni Jazz. Demio ni Mazda 2. Na ile injini ya Passo, cc 1000 yenye pistoni tatu, ndiyo iliyofungwa kwenye Aygo. Sasa sikiliza hapa: Aygo ya kuanzia 2005 hadi 2014, Citroën C1 na Peugeot 107 ni gari moja. Zimetoka kiwanda kimoja, Kolín, Jamhuri ya Cheki. Tofauti ni sura na nembo. Watu wanakimbilia nembo ya Toyota, bei inapanda. Wewe ukiona 107 iliyotunzwa usiseme "gari la Kifaransa sitaki". Fungua boneti, utakutana na ndugu yako.

Injini hiyo inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna siku ya kutenga mamia ya pauni kubadilisha mkanda. Udhaifu anao, kila mtu ana wake. Klachi za miaka ya mwanzo ziliisha mapema. Pampu ya maji huanza kuvuja. Na mvua huingia kwenye buti: inua zulia, tia mkono kwenye shimo la tairi la akiba, ukitoka na maji ujue.

Cha kukwepa kwa bajeti yako ni zile injini ndogo ambazo mkanda wake unaogelea ndani ya oili: EcoBoost ya 1.0 ya Ford, na PureTech ya 1.2 ya Peugeot na Citroën. Mkanda ukichakaa unamenyeka, vipande vinakwenda kuziba njia ya oili, injini inabaki kavu. Si kwamba kila moja itakufa, zipo zinazodunda. Ila wewe huna akiba ya kubahatisha. C1 za baada ya 2014, na Peugeot 108 iliyoirithi 107, zilikuja ama na ile 1.0 ya Toyota ama na PureTech ya 1.2, kwa hiyo uliza: humo 1.0 ndiyo ile ya cheni.

Mpwani, Reading

Salaam aleikum. Fundi asema kweli lakini asikufunge macho. Mimi nina Jazz, mwaka wa tisa huu, na sijutii. Kiti cha nyuma wakikunja juu, si chini, na hapo wasimamisha mtungi wa maua, baiskeli ya mtoto, hata friji ndogo. Nilikwenda kumpokea mama mkwe Heathrow na mabegi manne ya kilo 23, yote yakaingia, na yeye mwenyewe akaingia. Kwa Aygo ningemwacha yeye ama mabegi, na nadhani mwajua ningeulizwa nini nyumbani.

Bima ya Jazz yazidi kidogo, sikatai. Na kama watu wa nyumbani kwako wataka otomatiki, kuweni waangalifu: Aygo yao "isiyo na klachi" si otomatiki hasa, ni gia za kawaida zikibadilishwa na kompyuta. Yaenda kwa kushtuka shtuka kama bodaboda mwanagenzi.

Kaka, Luton

Dada, siri ya bima: andikisha kwa jina la shemeji mwenye leseni ya miaka kumi, wewe uwe dereva wa pili tu. Inashuka nusu nzima. Wote tulifanya hivyo.

Mama wawili, Birmingham

Kaka wa Luton, kwa heshima zote, usimtie mwenzio shimoni. Gari ni la dada, analiendesha yeye kila siku, halafu bima inasema ni la shemeji? Huo ni udanganyifu, na wakigundua ni siku ya ajali, si siku ya kulipa. Kumwongeza shemeji kama dereva wa pili kwenye bima yako wewe, hiyo ruksa, kama kweli naye ataliendesha, na mara nyingi bei inashuka.

Dada, lililo kubwa zaidi hujaliuliza. Bima ya kawaida ni ya kwenda dukani na kwenda kazini, yaani sehemu moja. Wewe unatoka kwa mzee huyu kwenda kwa mzee yule. Hapo lazima uwaambie ni matumizi ya kazi. Binamu yangu hakusema. Aligongwa mtaani akiwa na sare ya kazi, kampuni ya bima ikauliza ulikuwa unatoka wapi unakwenda wapi, naye kwa uaminifu wake akajibu. Madai yakakataliwa. Alipouliza angelipa kiasi gani kama angesema mapema, aliambiwa nyongeza ingekuwa pauni thelathini na kitu kwa mwaka.

Na ukikamatwa huna bima, ni pauni 300 na pointi sita. Leseni yako haijamaliza miaka miwili, pointi sita zinaifuta. Unarudi kwenye nadharia, mara ya nne.

Ushuru wa barabara: angalia tarehe ya kusajiliwa, si sura ya gari. Kadogo ka petroli kaliposajiliwa kabla ya tarehe 1 Aprili 2017 kanaweza kulipa pauni 20 kwa mwaka. Hako hako, kamesajiliwa wiki moja baadaye, Aprili 2025 kalifikia pauni 195. Wauzaji hawasemi. Na ushuru haurithiwi: aliyelipa akiuza, umekwisha, unalipa wako kabla hujaliondoa pale.

Dada wa Leeds, Alhamisi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mama wawili, nimepiga simu ya bima na kusema ukweli wote mpaka aina ya viatu.

Nimepata kagari, aina nisiitaje, la 2011, yadi moja nje kidogo ya mji, pauni 2,400, maili 58,000. Linang'aa jamani. Nimeingiza namba yake kwenye ule ukurasa wa serikali wa historia ya MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kama fundi alivyoniambia kwenye simu. Limefaulu mwezi uliopita, safi, hakuna onyo hata moja. Nikalipie?

Fundi, Coventry

Usilipie. Umesoma mstari wa juu tu, shuka chini. Nimeingiza namba uliyonitumia. Maili zinapanda vizuri, hazijachakachuliwa. Lakini soma maonyo: 2022, kutu kidogo chini, upande wa kushoto. 2023, kutu, pande zote mbili. 2024, kutu imezidi. Mwaka huu, kimya. Kutu si mafua dada, haiponi yenyewe. Ama wamechomelea vizuri, na watakuwa na risiti, ama wamepaka.

Nchi hii wanamwaga chumvi barabarani kila baridi, kwa hiyo chini ya gari ndiko kwenye umri wake, rangi ya juu haikuambii kitu. Nenda na tochi na gazeti la kulalia. Ukikuta chini peusi pi, pameng'aa kama kiatu cha harusi, kwenye gari la miaka yote hiyo, jiulize nani alilivisha.

Ufike asubuhi bila kuwaambia saa, uguse boneti kabla ya salamu. Ikiwa ya moto, wameliwasha mapema ili usisikie linavyoamka. Na kile kijitabu cha V5C, kadi ya gari, kinataja mwenye kulitunza tu, hakithibitishi kwamba limelipwa. Lipia ukaguzi wa kujua kama gari lina mkopo, wenye deni wasije wakalifuata kwako.

Dada wa Leeds, Jumamosi

Boneti ilikuwa ya moto.

Chini nimelala kwenye gazeti na koti langu la kazini. Peusi pi. Nimebonyeza kwa kidole gumba nyuma ya gurudumu la mbele, pakaingia ndani kama mkate uliolowa. Kijana wa yadi akasema "hiyo ni kawaida". Nikamwambia asante, nimechelewa kwa bibi.

Jioni nikaenda kuona 107 ya 2012 kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, pauni 2,150, maili 61,000. Risiti zote kwenye bahasha, za tangu mwanzo, mpaka ya wiper. Buti kavu. Tairi mbili za mbele zimekwisha, akanipunguzia 100. Maonyo ya MOT yanalingana na alichobadilisha, mwaka kwa mwaka, nimekaa jikoni kwake nikilinganisha na yeye ananimiminia chai.

Fundi, Coventry

Kwa mtu binafsi huna zile siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro kama yadini, kumbuka. Lakini bahasha kama hiyo ningeichukua. Klachi inashika wapi?

Dada wa Leeds, Jumamosi

Katikati. Nilipanda kilima cha kwao kwa gia ya tatu, haikuteleza.

Dada wa Leeds, Jumanne

Ni langu. Bima imeanza usiku wa kuamkia jana, ya kazi, shemeji ni dereva wa pili.

Msinicheke. Jana alfajiri nimeingia sheli, nimezima injini, nimeshusha kioo, nimekaa. Nikakaa. Nyuma yangu foleni ya magari matatu. Nikawaza hawa wahudumu wa hapa mbona wazito hivi. Mzungu wa gari la nyuma akaja taratibu kuuliza kama naumwa. Kumbe huku unajijazia mwenyewe.

Mpwani, Reading

Wallahi mimi nilikaa dakika kumi na tano, na nilipiga honi.

Mama wawili, Birmingham

Bomba la kijani ndilo petroli, dada. Jeusi ni dizeli. Andika kwenye karatasi ubandike ndani ya kifuniko, siku umechoka mkono hukosea.