Tupeane uzoefu: barafu, aiskrimu na keki za msimu wa joto hapa Dodoma

Muokaji wa Ilazo

Wadau wa jikoni, habari za jua. Oktoba imeingia, na mpaka mvua za Desemba zilaze vumbi, oda zitakuwa za vitu baridi: barafu za ubuyu, aiskrimu za sherehe, na keki ambayo lazima ifike ukumbini ikiwa na sura yake. Tupeane uzoefu, ila kwa ombi moja: njoo na kipimo na sababu yake. Ukisema "sukari ya kutosha" anayeanza leo hajapata kitu.

Mapishi mengi tunayofuata yameandikwa kwa ajili ya Pwani au Ulaya. Huku tupo kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Hewa ya miezi hii ni kavu, na maji ya visima sehemu nyingi yana chumvichumvi. Keki inayodidimia katikati, fondanti (unga wa sukari uliokandwa wa kufunika keki) inayopasuka, barafu yenye ladha ya magadi, chanzo huwa ni mojawapo ya hayo.

Naanza na keki. Kwa joto hili keki ya mafuta ya alizeti ni salama kuliko ya siagi. Alizeti ya Singida ipo kila duka, na mafuta hayahitaji kukorogwa na sukari mpaka yawe meupe, kazi ambayo saa 8 mchana haiwezekani kwa sababu siagi inageuka mafuta ndani ya bakuli na haishiki hewa. Vipimo vya tini la sentimita 22: mayai 3, sukari gramu 200, mafuta mililita 180, mtindi mililita 200, unga wa ngano gramu 280, baking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, magadi ya kuokea robo kijiko, chumvi kidogo. Piga mayai na sukari dakika 5, mimina mafuta taratibu ukiendelea kupiga, kisha mtindi, mwisho unga uliochekechwa. Unga ukishaingia acha kupiga, changanya kwa mwiko tu. Oveni nyuzi 170, dakika 40 hadi 45.

Baking pauda imepunguzwa kwa makusudi. Juu huku hewa ni nyepesi, gesi inatanuka upesi, keki inapanda kabla ya ukuta wake kushika, halafu inaanguka. Wengi wakiona imeanguka wanaongeza baking pauda, na inaanguka zaidi.

Mama Barafu, Chang'ombe

Asante dada wa Ilazo. Mimi nipo kwenye barafu za ubuyu, na hapa kuna mambo mengi.

Chukua unga wa ubuyu gramu 200, maji lita 2, sukari gramu 350, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo uloweke ubuyu nusu saa. Usiuchemshe ubuyu wenyewe. Una utomvu uleule unaogandisha jamu, ukichemka sana unakuwa mlenda. Ukiwa na ubuyu wenye mbegu, usisage mbegu kwenye blenda. Vuruga kwa mkono au mwiko, chuja kwa chujio, kisha rudia kwa kitambaa safi. Chenga zikibaki, barafu inakwaruza ulimi.

Sukari hapa haipo kwa utamu peke yake. Ndiyo inayozuia maji yasigande kuwa jiwe. Kwenye hiyo lita 2, ukishuka chini ya gramu 250 mtoto atagonga meno, ukizidi gramu 500 friza ndogo ya nyumbani inashindwa kugandisha, asubuhi unakuta uji. Onja kabla ya kufunga: iwe tamu kidogo kupita unavyopenda, maana ubaridi unapunguza utamu mdomoni.

Kufunga: acha nafasi ya vidole viwili juu ya kifuko. Maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu moja ya kumi, kifuko kilichojaa kinapasuka na kuchafua friza nzima. Panga vifuko safu moja, vikigusa chini ya friza. Ukivirundika, vya katikati vinaganda polepole, sukari na rangi vinashuka chini, na mteja anafyonza utamu wote kwanza halafu anabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Dawa yake ni kupooza mchanganyiko kwenye friji saa 2 kabla ya kufunga, na kupika kijiko kimoja cha mezani cha kastadi kwenye kikombe cha maji, uchanganye humo. Kastadi inashikilia vitu pamoja na barafu inakuwa laini kung'ata.

Kuhusu maji: usitumie maji ya bomba yenye chumvi kwa barafu hata kama chai mnainywa hivyohivyo. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua. Tumia maji ya kunywa ya dumu au ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa.

Keki na Mapambo, Area C

Kwenye keki ya mafuta nakubali, ila kuna sherehe ambazo mteja anataka siagi na hataki kingine. Kwa hizo, saa ya kazi ndiyo kila kitu. Koroga siagi na sukari kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi, kabla paa la bati halijapata moto. Siagi iwe kwenye nyuzi 18 hadi 21: ukibonyeza kidole kinaacha shimo lakini hakizami. Ikiwa inang'aa usoni, imeshapitiliza, irudishe kwenye friji dakika 15.

Krimu ya kupamba: siagi tupu inaanza kulegea mapema na inayeyuka ikifika nyuzi 32 na kuendelea, yaani joto la ukumbi wenye watu mchana. Badilisha nusu ya siagi kwa mafuta magumu ya mimea ya kuokea. Gramu 125 kwa gramu 125, sukari ya unga gramu 500, maziwa vijiko 2. Ladha inapungua kidogo, ongeza vanila na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Krimu ya maziwa ya kupiga isikae nje ya friji huku kwetu, hata saa moja.

Fondanti inawachanganya wanaotoka Dar. Kule inatokwa jasho, huku inapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Donge lake liwe na kijiko cha chai kimoja cha glisirini ya kula kwa kila nusu kilo, paka mkono mafuta magumu badala ya kunyunyiza sukari ya unga, na kipande usichokitumia kiwe ndani ya nailoni muda wote. Usiache feni ikipuliza meza.

Keki yenyewe ifunike ikiwa bado vuguvugu. Ukiisubiri ipoe kabisa juu ya waya, kwa hewa hii kingo zinakuwa kavu kama mkate wa juzi.

Mzabibu wa Hombolo

Naona hakuna aliyegusa zabibu na tupo Dodoma! Mizabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yakifika bei inashuka sokoni. Nunua nyingi wakati huo, osha, kausha kwa kitambaa, gandisha punje mojamoja kwenye sinia kisha hamishia kwenye mfuko. Hizo peke yake ni barafu tosha.

Ukitaka barafu ya kukwangua: zabibu nyekundu kilo 1, maji robo kikombe, moto mdogo dakika 10 mpaka maganda yapasuke. Ponda kwa mwiko, chuja bila kukamua sana. Usitie blenda, mbegu zikisagika zinaleta uchungu ambao sukari haiufichi. Juisi ya moto weka sukari gramu 100 tu, maana zabibu iliyoiva vizuri ina sukari yake nyingi, na maji ya ndimu moja. Mimina kwenye sinia lisilo na kina, friza dakika 45, kwangua kwa uma kuanzia pembeni, rudisha. Fanya hivyo mara 4. Ukisahau katikati ikaganda nzima, ivunje, iache dakika 10, ukwangue upya.

Usipikie kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wa zabibu unaila, na ladha ya chuma inaingia. Na rangi ikigeuka kuwa ya zambarau iliyofifia, sababu ni maji yenye magadi. Ndimu inairudisha wekundu hapohapo. Juisi ya choya (ua jekundu la rozela) nayo iko hivyohivyo.

Fundi wa Nzuguni

Aiskrimu bila mashine ya aiskrimu. Krimu ya kupiga mililita 500, maziwa mazito ya kopo yenye sukari gramu 397, vanila. Krimu ilale kwenye friji usiku kucha, bakuli na vijiti vya mashine ya kupigia viingie friza dakika 20. Krimu ikipita nyuzi 10 hivi mafuta yake hayashiki hewa, utapiga nusu saa ibaki maziwa. Ikianza kusimama kwa ncha laini, simama. Ukiendelea inatoa chembechembe na maji, hiyo ni siagi tayari na haina marejeo. Kunja maziwa mazito kwa mwiko, saa 8 kwenye friza, nailoni igusane na uso wa aiskrimu ili isiote barafu juu.

Wasio na friza wasikate tamaa. Barafu iliyopondwa kilo 3, chumvi ya mawe kilo 1, ndoo, na sufuria nyembamba yenye mfuniko mzuri. Panga barafu na chumvi kwa tabaka kuzunguka sufuria, zungusha sufuria kushoto na kulia, na kila dakika 5 fungua ukwangue kuta. Chumvi inalazimisha barafu iyeyuke, na kuyeyuka huko kunanyonya joto kutoka kwenye sufuria mpaka nje yake kushuke chini ya nyuzi sifuri kwa mbali. Dakika 30 hivi unapata aiskrimu laini. Sufuria isijazwe zaidi ya nusu, na pangusa mfuniko kila kabla ya kufungua. Tone moja la maji ya chumvi linaharibu kazi yote.

Dada wa Kisasa

Samahanini wataalamu, umeme ukikatika usiku mzima na friza ina barafu za maziwa, asubuhi nigandishe tena?

Mama Barafu, Chang'ombe

Hapana mdogo wangu. Za maziwa na aiskrimu zikishayeyuka, tupa, hata kama harufu iko sawa. Vijidudu vinazaliana kwenye maziwa yenye joto na friza haiviui, inavilaza tu. Za ubuyu na maji matupu, kama bado zina barafu ndani, zinaweza kurudi, ila zitakuwa na chenga kubwa.

Umeme ukikatika usifungue mfuniko. Friza iliyojaa pomoni inaweza kushikilia ubaridi karibu saa 48, iliyojaa nusu karibu saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji, huwa barafu ya akiba.

Na kastadi ya maziwa ukiipika, ipoze upesi. Lita 1 ya maziwa, sukari gramu 150, kastadi vijiko 2 vya mezani, ikishachemka weka sufuria kwenye beseni la maji, izungushie kitambaa kilicholowa, iweke penye upepo. Hewa yetu kavu inafyonza maji ya kitambaa na ubaridi unaingia kwenye sufuria, ndiyo kazi ya mtungi wa udongo. Ndani ya saa 2 iwe friji.

Kashata Kongwa

Kashata haiyeyuki juani, kwa hiyo ni mali ya msimu huu. Karanga gramu 500 zilizokaangwa na kupepetwa, sukari gramu 400, maji mililita 120, ndimu matone machache ili sukari isirudi kuwa punje. Sukari ikishachemka usikoroge tena, futa kuta za sufuria kwa brashi yenye maji.

Wenye kipimajoto sikilizeni. Vitabu vimeandika kwa usawa wa bahari. Kabla ya kuanza, pima maji yanayochemka. Yakisoma 96, toa nyuzi 4 kwenye kila kipimo cha shira. Palipoandikwa 116, kwako ni 112. Ukifuata kitabu, kashata laini ya nazi inakuwa ngumu ya kuvunjia nyundo. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye maji baridi: likifanya kidonge laini, ingiza nazi. Ya karanga isubiri mpaka tone livunjike kwa kukatika.

Chagua karanga moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au rangi ya kijani, tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hupata ukungu huohuo zikianikwa chini au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu.

Muokaji wa Ilazo

Mzabibu, hilo la ndimu kurudisha rangi nalichukua. Nyongeza kwa wanaookea mkaa: theluthi ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko, na mchanga mkavu sentimita 2 chini ya tini. Keki ikiungua chini huku katikati mbichi, makaa ya chini ndiyo yaliyozidi. Na keki ya saa 7 mchana isafirishwe kabla ya saa 3 asubuhi, ndani ya boksi, chupa za barafu zikiwa pembeni na zimefungwa taulo ili maji yake yasiguse pambo.