Oxford au Cambridge kwa shahada ya kwanza ya sayansi?

Chembechembe
Wakuu, heshima kwenu. Muda wa kutuma ombi unakaribia na bado nimekwama. Kemia naipenda tangu siku ya kwanza niliyoingia maabara, ila mwaka huu baiolojia ya seli nayo imenivuta vibaya mno. Mwalimu wangu anataka niombe Oxford, mjomba anasema Cambridge. Nilifikiri nitaomba vyote viwili nione kipi kitanichukua, nikaambiwa hairuhusiwi. Ni kweli? Na kama ndivyo, mtu anachagua kwa kigezo gani?

Bahari_Tulivu
Ni kweli, mkuu. Kwa shahada ya kwanza huombi Oxford na Cambridge mwaka mmoja. UCAS, yaani mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza, inakupa nafasi tano, na moja tu kati ya hizo ndiyo inaweza kwenda kwa mmoja wa hao wawili. Mwisho ni tarehe 15 Oktoba, saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, mapema kuliko vyuo vingi vya huko. Kwa hiyo uamuzi unaufanya kabla hujajua kama kuna atakayekutaka.

Kinanda
Mdogo wangu, achana na majina, soma muundo wa kozi. Kwako wewe jibu liko hapo.

Oxford unaomba somo lenyewe. Ukiomba Kemia, unasoma Kemia miaka 4, na mwaka wa nne wote ni utafiti: unaingia kwenye kundi la watafiti na unatoka na tasnifu yako. Ukitaka Biokemia, hiyo ni kozi nyingine na ombi lingine.

Cambridge hakuna kozi ya Kemia kwa mwanafunzi anayeanza. Kuna Sayansi Asilia. Mwaka wa kwanza unachukua masomo matatu ya sayansi pamoja na hisabati, kwa hiyo kemia na baiolojia ya seli zinakaa kwenye ratiba moja bila ugomvi. Mwaka wa pili unapunguza, wa tatu unabobea, na wapo wanaoongeza wa nne. Nimeona watu walioingia wakiapa kwamba wao ni wa fizikia wakatoka na jiolojia, tena kwa furaha.

Ufundishaji haukupi sababu ya kuchagua. Kote kuna vikao vya mwalimu na wanafunzi wawili watatu, unakwenda na kazi uliyoiandika na unaitetea. Kote muhula una wiki 8 za masomo, na ni wiki za kukimbia.

Tumaini_la_Asubuhi
Nampinga Kinanda kidogo. Upana una gharama yake. Huo mwaka mzima wa utafiti wa Oxford kwa mtu anayejua kwa hakika kwamba ni mkemia ni zawadi kubwa, na mimi nisingeubadilisha na kitu. Mdogo wangu, jiulize kama baiolojia ni mapenzi au ni mgeni wa msimu.

Mama_Nuru
Mwanangu, umeulizia kozi, hujaulizia ada. Ya mwanafunzi wa kimataifa ni kubwa sana kote, na Cambridge huongeza ada ya koleji (vile vyuo vidogo vya ndani ambamo mwanafunzi anaishi na kufundishwa) juu ya ile ya chuo kikuu. Watu wengi wanapanga wakitegemea ufadhili wa Rhodes au Gates Cambridge. Huo ni wa walio na shahada tayari, wewe haukuhusu bado. Kwa shahada ya kwanza Oxford wana ufadhili wa Reach Oxford kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini, lakini nafasi zake ni chache mno. Kaeni na wazazi mpige hesabu kabla hamjabishana kuhusu kemia.

Chembechembe
Asante mama, hesabu tumeipiga, mjomba ndiye atakayenisomesha. Na koleji je? Naogopa kuchagua mbaya.

Bahari_Tulivu
Usikose usingizi. Unaweza kuomba bila kutaja koleji yoyote. Na Cambridge, koleji uliyoomba ikikosa nafasi nawe ukiwa mzuri, jina lako huwekwa mahali ambapo koleji nyingine zinaweza kukuchukua. Oxford nao huwahamisha waombaji.

Ndege_Mweupe
Mimi nilichagua chuo kwa sababu ya jina lake (si kimojawapo kati ya hivi). Kufikia mwezi wa tatu nilijua somo langu halikuwa lile, na kozi haikuwa na mlango wa pembeni. Nilimaliza, lakini miaka ile iliniuma. Kwa hiyo nikisikia mtu ana mapenzi mawili, namwambia aende palipo na milango.

Chembechembe
Tumaini, swali lako nimelala nalo. Jana nilipitia orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza kote kuwili, na kila niliposoma ile ya Kemia peke yake nilijikuta natafuta seli ziko wapi. Naomba Cambridge. Kilichobaki ni kumwambia mwalimu wa kemia, maana ndiye anayeniandikia taarifa ya UCAS na ndiye aliyeipigania Oxford tangu mwanzo.

Kinanda
Mwambie leo, ana haki ya kujua anaandika kwa ajili ya kozi gani. Na jiandikishe ESAT, mtihani wa kuombea nafasi, Sayansi Asilia wanaudai. Uandikishaji wake hufungwa Septemba, kabla ya ombi lenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.