Mkufunzi wa hipnosisi kanidhalilisha mbele ya darasa zima, leo sinyamazi

Kiti cha Nyuma:
Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka. Jina simtaji, mliopita kwenye mafunzo yale ya hipnosisi, ya kumtuliza mtu kwa maneno mpaka azame, mnamjua. Koti la zambarau. Sauti anaishusha mpaka unadhani redio inaishiwa betri. Ndiyo, huyohuyo.

Leo zamu ya vitendo, kaniita mbele niwe mteja wa mfano. Nikakaa. Kaza macho kwenye nukta ile juu, kope zinakuwa nzito, mkono unakuwa mwepesi, unapaa wenyewe... Mkono haukupaa. Akarudia. Mkono umetulia pajani, hauna habari na mtu. Basi bwana yule akaligeukia darasa, akasema: "Huyu halali kwa sababu humo ndani hakuna aliye macho."

HUMO NDANI HAKUNA ALIYE MACHO.

Darasa lilicheka mpaka milango ikafunguka yenyewe. Kuna mmoja alidondoka kitini, akafa, akafufuka, akaendelea kucheka. Na hawa ndio kesho watakaa na watu wenye huzuni zao!

Huyuhuyu ndiye aliyetufundisha kwamba hipnosisi si usingizi. Huyuhuyu alituchorea ubaoni vipimo vya Stanford vya 1959 vya kuona nani anazama kirahisi, majaribio 12, kwamba watu hawafanani, wapo wanaozama haraka na wapo wasiozama, na si ugonjwa wala ujinga. Freud mwenyewe, yule baba wa tiba ya kuongea, wagonjwa wengine walimshinda, akaachana na hipnosisi, akawaacha waongee. Hakumwambia mtu humo ndani hakuna aliye macho!

Halafu kamaliza kunitukana, kanigusa bega kwa upole: "Umejisikiaje uliposikia hayo?" Nimejisikiaje? Nimejisikia SIPO, si umesema sipo!

Nusu Kaputi:
Hahahaha nimesoma mara tatu natafuta kosa la mkufunzi. Kwani alikuwepo mtu?

Kiti cha Nyuma:
Ndugu yangu, usinichokoze leo.

Bundi Mchana:
Pole mkuu. Mimi nilimwomba risiti ya ada, akasema kwanza tuchunguze hilo hitaji langu la uthibitisho lilianzia wapi utotoni. Mpaka leo tunachunguza.

Dada Kimya:
Nyie wa hipnosisi mna povu la bure. Njooni huku kwenye saikotherapia, tiba ya mazungumzo. Miaka inakatika, na wewe mwenyewe unatakiwa ukae kiti cha mteja kwa pesa yako, ulie, ndipo uruhusiwe kuliza wengine. Kisha unarekodi kikao kwa ridhaa ya mteja, msimamizi anasikiliza. Wangu alisimamisha rekodi kwenye "mhm" yangu, akaniuliza, "Hiyo mhm ni ya nani?" Tukaijadili saa nzima. Mtu wa watu ndoa inamfia, sisi tuko kwenye mhm.

Nusu Kaputi:
Ikawa ya nani sasa?

Dada Kimya:
Ya mama yangu, eti.

Wikiendi Tu:
Mnajitesa. Mimi cheti nilikipata mtandaoni wikiendi moja, na wateja wangu wanalia vizuri tu.

Bundi Mchana:
Kulia si kupona. Akija mtu anayesikia sauti zisizokuwepo unafanyaje?

Wikiendi Tu:
Namwambia afumbe macho, azifuate.

Bundi Mchana:
Mungu wangu! Huyo ana saikosisi, akili imeachana na uhalisia, humchezei hipnosisi, unampeleka kwa daktari wa akili! Na zile tambo zako za kuwachimbia watu kumbukumbu za utotoni, unajua mtu akiwa kwenye hipnosisi anaweza kukumbuka jambo ambalo halikutokea, na akaliapia?

Wikiendi Tu:
Wivu huo. Uingereza yenyewe sheria haimkatazi mtu kujiita mtaalamu wa hipnosisi.

Dada Kimya:
Nenda Ujerumani ukajiite Psychotherapeut, yaani mtaalamu wa saikotherapia, bila kibali uone. Sheria inalilinda jina hilo tangu 1999.

Mzee wa Tume:
Vijana mnajadili maiti. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, wanasayansi Franklin na Lavoisier wakiwemo, wakachunguza usumaku wa Mesmer, babu wa hipnosisi yenu hiyo, wakasema haupo, ni fikra za mgonjwa tu. Fungeni uzi.

Nusu Kaputi:
Mzee, ulikuwa katibu wa tume?

Kiti cha Nyuma:
Jamani turudi kwenye mada. Mbele ya darasa ZIMA. Humo ndani hakuna...

Nusu Kaputi:
Tumesikia mkuu, hakuna mtu. Dada Kimya, huyo msimamizi wako ndiye anayekohoa kila mteja akianza kulia?

Dada Kimya:
Huyohuyo! Na simu hazimi.

Bundi Mchana:
Hata kwangu aliipokea katikati ya kikao, akasema "niko na mtu hapa, lakini endelea." Mfungulieni uzi wake huyo.