Je, kujifunga nailoni mwilini kunapunguza uzito?

Mama Rehema: Ndugu zangu, saluni moja mtaani kwetu huwapaka wateja udongo na kuwafunga nailoni mwili mzima, ikidai kwamba mafuta yatayeyuka. Je, ni kweli?

Bakari: Mama Rehema, kinachopungua ni maji ya jasho, ambayo lita 1 yake ina uzito wa takriban kilo 1, nayo hurudi mara unapokunywa. Mafuta hayatoki kupitia ngozi. Hupungua pale tu unapokula pungufu ya mahitaji ya mwili.

Mwanaidi: Nakusihi, dada yangu, usifanye mazoezi ukiwa umejifunga hivyo, kwani mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki walipokuwa wakijitoa jasho ndani ya mavazi yasiyopitisha mvuke ili wapunguze uzito.