Bashir keshaondoka, mbona watu hawarudi majumbani?

boflo_na_chai (Aprili 12, 2019)
Asalam alaykum wana baraza. Mie jana tokea mchana niko Jaws Corner hapa Mji Mkongwe na kahawa yangu, tivii habari za Sudan tu hakuna aliekumbuka hata mpira, waliposema rais Bashir katolewa wazee wakapiga makofi, miaka 30 imekwisha. Sasa usiku naona watu wale wale bado wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi, wamepigwa marufuku kutoka saa 4 usiku mpaka saa 10 alfajiri na hawana habari. Wanataka nini tena? Mdogo wangu anasoma Khartoum, yuko dahalia, lakini bi mkubwa hapa halali anataka jibu.

kipara_wa_wete
Mmepiga makofi mapema yakhe. Aliekamata sasa nani? Ibn Auf, waziri wake wa ulinzi na makamo wake wa kwanza tokea Februari. Mwenye nyumba katoka, shemegi kabaki na funguo. Mie nimesoma kule, Wasudani hawadanganyiki kirahisi, walishawatoa wanajeshi madarakani 1964 na 1985, na hiyo Aprili 6 waliyoanza kukaa pale wameichagua makusudi maana ndo siku aliyoanguka Nimeiri, yule mwanajeshi wa 1985. Mwanzo walikuwa wanaimba "tasgut bas", aanguke basi (hiyo bas ni basi yetu hii hii), sasa nasikia ni "tasgut tani", aanguke tena.

bi_shungi
Nyie wanaume mnataja majenerali tu, ilianza na mkate hiyo. Disemba kule Atbara mkate kutoka pauni 1 mpaka 3. Hebu boflo la Darajani lipande mara tatu tuone nani atabaki anakunywa kahawa. Na wanawake ndo wako mbele, mmemuona yule msichana wa toub nyeupe, lile vazi la kujitanda la Kisudani, juu ya gari?

mkia_wa_taa
Shoga acha kufananisha mada itafungwa sasa hivi 😂

boflo_na_chai (Aprili 13)
Ibn Auf nae kaondoka jana usiku, siku moja tu! Dogo katuma voisi, nusu sisikii, nyuma kuna makelele kama watu wanagonga mabati.

kipara_wa_wete
Hayo si mabati, ni daraja la reli pale pale penye watu, vijana wanaligonga kwa mawe. Ndugu yako hayuko dahalia.

boflo_na_chai
Nimeshafahamu. Voisi nimeifuta, mama nimemwambia yuko dahalia anasoma.

boflo_na_chai (Juni 4)
Jamani kuna mwenye namba ya kawaida ya mtu yeyote Khartoum, si ya wasap. Jana alfajiri askari wamewavamia watu pale pale walipokaa, na funga zao, wanasema waliokufa ni wengi na intaneti imekatwa nchi nzima. Tokea juzi sina habari yake.

kipara_wa_wete
Nimekutumia namba tatu inboksi. Piga usiku wa manane laini zinapungua watu. Usichoke hata ukipiga mara hamsini.

bi_shungi
Tunamuombea. Mama keshajua?

boflo_na_chai (Juni 6)
Kapiga mwenyewe, kwa simu ya mtu, hata dakika mbili hazikufika. Mama kamuuliza ulikuwepo, kasema nilikuwepo. Kisha akauliza Idi mmepika nini. Mama kamwambia biriani, na hapa jiko halijawashwa tokea juzi.