Yule mama aliyepindana miaka 18

Kikundi cha ukoo, Jumapili jioni

Shangazi Rehema: Habari za jioni, wapendwa. Leo kanisani limesomwa Luka 13, habari ya mama aliyepindana kwa miaka 18, na tangu nitoke ibadani nimekaa hapa barazani Tabata nikiliwaza jambo moja. Yesu alimponya siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, akakasirika, lakini hakumwelekea Yesu wala hakumpa mama huyo hongera. Aliugeukia umati akasema kwamba siku za kazi ni sita, basi waje kuponywa siku hizo, si siku ya Sabato.

Baba Mdogo Elia: Dada, tusimhukumu upesi. Sheria ya Sabato haikuwa sheria ya ukatili, kwa maana walimu wa Kiyahudi wanafundisha kwamba kuokoa uhai kunaitangulia. Hoja yake nadhani ilikuwa kwamba aliyevumilia miaka 18 hafi kwa kungoja hadi kesho.

Shangazi Rehema: Hapo ndipo ninapoumia, Elia. Mgongo wangu una mwaka wa nne sasa, na mnajua kwamba nikienda gengeni naona viatu vya watu kabla sijaziona nyuso zao. Anayesema kesho si mbali ni yule aliyesimama wima. Wao wenyewe walimfungua ng'ombe au punda zizini siku ya Sabato wakampeleka kunywa maji, na Yesu akawakumbusha hilo.

Neema: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Mimi Yohana 9 ndiyo inayonihuzunisha, pale Yesu alipomfumbua macho kipofu, nayo pia ilikuwa Sabato, kwa sababu wazazi wa yule kipofu walipoitwa walikiri kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa hivyo, lakini kuhusu aliyemfumbua macho wakasema aulizwe mwenyewe, ni mtu mzima. Waliogopa kutengwa na sinagogi. Mwana anamwona mama yake usoni kwa mara ya kwanza, na mama anashindwa kushangilia mbele za watu!

Baba Mdogo Elia: Marahaba, mwanangu. Soma pia aya ya 16, maana Mafarisayo wenyewe waligawanyika, wengine wakiuliza mwenye dhambi atawezaje kufanya ishara kama hizo. Yesu alitema mate akafanya tope, na kukanda ni mojawapo ya kazi 39 ambazo Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inazikataza siku ya Sabato.

Shangazi Rehema: Kumbe hata tope la kumpaka mtu machoni. Nimeirudia sura yote sasa hivi, aya 41, na kila mtu anamwuliza amefumbuliwa vipi na aliyemfumbua ni nani, lakini hakuna hata mmoja anayemwuliza ameona nini kwanza.