Maandamano ya Juni 2024 Nairobi: ghasia zilianzia wapi?

Swali
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kuongeza kodi, yalipoanza Nairobi tarehe 18 Juni 2024, niliwaona vijana katikati ya jiji wakiwa na bendera, simu na chupa za maji, na askari walipowakaribia waliketi barabarani wakainua mikono. Siku hiyo walikamatwa zaidi ya watu 200. Wiki moja baadaye Bunge lilivamiwa, sehemu yake ikachomwa, na watu wakauawa kwa risasi nje yake. Je, polisi wangejizuia tangu siku ya kwanza, tungefika huko?

Jibu la kwanza
Naamini tusingefika. Mtu aliyeketi chini akirushiwa kitoa machozi hatawanyiki kwa utaratibu. Anakimbia macho yakiwaka, anapotezana na wenzake, na anapofika kichochoroni mkono wake unatafuta jiwe. Kisha jioni ya Alhamisi tarehe 20 kijana mmoja akauawa kwa risasi katikati ya jiji, na kuanzia hapo waliotoka majumbani hawakuwa wakidai kodi ipunguzwe tu, walikuwa pia wakidai damu ya mwenzao. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, nguvu atakayotumia ilingane na hatari iliyopo, na aliyejeruhiwa apatiwe matibabu. Majeruhi niliowaona mimi walibebwa na waandamanaji wenzao, mmoja akiwa amelazwa juu ya bendera.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe kwa sehemu. Tarehe 25, wabunge 195 walipouunga mkono mswada dhidi ya 106 walioupinga, habari zilifika barabarani kwa simu papo hapo, na umati ukasonga mbele. Ibara ya 37 ya Katiba inawalinda wanaokusanyika kwa amani bila silaha. Kuchoma jengo hakumo humo. Tena sheria inataka polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla ya maandamano, na vuguvugu lisilo na kiongozi, ambalo wengi tulilisifu kwa sababu hiyo hiyo, halikuwa na mtu ambaye afisa angeweza kuzungumza naye mambo yalipoanza kuharibika. Hata hivyo, sitamtetea aliyemlenga mtu anayekimbia, kwa maana uzio wa Bunge hujengwa upya, lakini aliyeuawa harudi.

Aliyeuliza
Nawashukuru nyote. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai, ilhali rais alikataa kuutia saini mswada huo tarehe 26 Juni, yaani siku moja tu baada ya Bunge kuvamiwa. Kama ungeondolewa mapema, wengi wa hao wangekuwa hai. Niliuliza kuhusu siku ya kwanza kwa sababu ya askari mmoja niliyemwona karibu, ngao ikiwa imeinamishwa chini, akiwaomba vijana wapishe magari, nao wakapisha huku wakimwita "afande" kwa heshima. Ilipita kama nusu saa hivi. Likaja gari lenye mkubwa wake, amri ikatolewa, na kitoa machozi cha kwanza kikaangukia pale pale walipokuwa wamesogea kupisha.